Mwenzi Akilemaa, Mzigo ni wa Nani?

Liko suala ambalo katika mji wetu wa Kisumu husemwa kwa sauti ya chini, nalo lastahili kusemwa waziwazi. Mume na mke wameoana wote wawili wakiwa wazima. Kisha mmoja wao akapatwa na ajali au maradhi, akawa hawezi tena kutembea, au kuona, au kusema, au hata kumjua aliye mbele yake. Je, yule mzima amefungwa naye mpaka kufa? Au anayo haki ya kwenda zake na kuanza maisha mengine? Akienda, ni khaini? Na akibaki kwa kuogopa maneno ya watu, huo ndio uaminifu?

Tumelizungumza suala hili katika darasa letu zaidi ya mara moja, na tumeona kwamba wanaolijibu upesi ni wale ambao halijawagusa. Wazee walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tutajaribu kulijibu polepole, kwa kutazama kwanza hali ilivyo hapa kwetu, kisha yale waliyoandika wanavyuoni, kisha sheria ya nchi, na mwisho tutaeleza rai yetu.

1. HALI ILIVYO KWETU

Asidhani msomaji kwamba jambo hili ni nadra. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, bodaboda zimejaa katika njia zetu, kutoka Kondele hadi Nyalenda, na kutoka Ahero hadi Bondo. Kazi hiyo imewalisha vijana wengi, na wengi pia imewavunja. Aliyeumia uti wa mgongo hutibiwa kwanza hapa, na pengine hupelekwa Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 350, penye hospitali ya taifa ya majeruhi wa namna hiyo. Siku anaporudi na kiti cha magurudumu hukuta nyumba ni ile ile ya chumba kimoja, yenye kizingiti mlangoni, na choo kiko nje, ng'ambo ya mtaro. Mbali na hao, wako waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na waliopigwa na kiharusi wakapooza upande mmoja, na walioumia kichwa wakasahau majina ya watoto wao. Hujafa hujaumbika.

Sasa natutazame namna watu wanavyosema. Akilemaa mume, mke huambiwa: "Vumilia, mama, pepo yako iko hapo kitandani." Naye huamka kabla ya alfajiri kwenda Dunga kununua samaki, akauza Kibuye, akarudi adhuhuri kumgeuza mumewe asipate vidonda vya mgongo, akamwosha, akamlisha, akatoka tena. Ndugu za mume huja siku ya Ijumaa, wakaketi robo saa, wakausifu uvumilivu wake, wakaenda zao. Siku akionekana akicheka na mtu sokoni, hao hao ndio wa kwanza kuuliza anacheka nini.

Akilemaa mke, maneno hugeuka. Mume huambiwa: "Wewe bado kijana, utakaaje hivi?" Haupiti muda mrefu ila ametafutiwa mke mwingine, au yule mgonjwa amepelekwa kwa wazazi wake, Kendu Bay au Mumias, ati apate kuuguzwa vizuri, kisha asiende mtu kumchukua. Wala hakuna anayemwita mume huyo khaini. Husemwa kwamba ametumia haki yake.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hatujauliza kama uaminifu ni bora kuliko uhuru, yatupasa tukiri kwamba hapa kwetu uaminifu umekuwa sharti la wanawake, na uhuru umekuwa haki ya wanaume. Mizani yenye mawe mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia, haifai sokoni, seuze katika ndoa.

Mila nayo imeongeza uzito. Pwani hii ya ziwa wako Waislamu wengi wenye asili ya Kijaluo, na katika mila ya Wajaluo mke huozwa kwa ukoo mzima, na ndoa ikivunjika hufuata maneno ya kurudisha ng'ombe. Ikiwa mila hiyo bado ina nguvu nyumbani, mwanamke huhimizwa kuvumilia na pande mbili: wakwe waliotoa ng'ombe, na ndugu zake waliokwisha kuwala. Kila upande una faida yake katika uvumilivu wa mtu wa tatu.

2. WALIYOANDIKA WANAVYUONI

Watu wengi hudhani kwamba sharia imemfunga mzima kwa mgonjwa. Wengine hudhani kwamba sharia yamruhusu kila mtu kuondoka apendapo. Wote wawili hawakufungua kitabu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi katika Afrika ya Mashariki, wametaja aibu zinazompa mmoja wa wanandoa hiyari ya kuvunja ndoa mbele ya kadhi. Kwa pande zote mbili wametaja wazimu, ukoma, na barasi, yaani maradhi ya kubadilika rangi ya ngozi. Tena wametaja yale yanayozuia tendo la ndoa kwa mwanamume au kwa mwanamke. Upofu haumo katika hesabu hiyo, wala uziwi, wala kukatwa mguu, wala kupooza. Maana yake ni kwamba ulemavu wa kiungo peke yake hauvunji ndoa, wala haumpi mtu hoja ya kusema, "Mimi sikuoa kiwete."

Imam Ibnul Qayyim aliikosoa hesabu hiyo katika Zadul Maad, akasema haina maana kutaja aibu chache na kuacha upofu au kukatika mikono na miguu, ikiwa aibu hizo zilifichwa. Na hapa pana tofauti ambayo yapasa kushikwa sana. Aliyefichwa kilema siku ya kuolewa amedanganywa. Aliyepatwa na mwenziwe kilema baada ya miaka kumi hakudanganywa na mtu. Ibnul Qayyim alikuwa akisema khasa juu ya udanganyifu, na anayechukua maneno yake ili akimbie msiba amemzulia.

Tena hesabu yenyewe yahitaji kutazamwa kwa akili ya leo. Ukoma ulitajwa kwa sababu katika zama zile ulikuwa hauponi na uliogopwa kwa kuambukiza. Tangu miaka ya 1980 ukoma watibika kwa dawa za mchanganyiko. Basi kinachotazamwa ni madhara yaliyomo, na jina la maradhi halitoshi.

Je, huyu mzima aliyechoka hana mlango? Anayo milango. Mume ana talaka. Mke ana khului, kama alivyofanya mke wa Thabit bin Qays, ambaye hakumtia mumewe ila ya dini wala ya tabia, walakini alichelea asije akashindwa kutimiza wajibu wake kwake. Mtume (S.A.W.) hakumwita khaini. Alimwuliza kama atarudisha shamba alilopewa mahari, akakubali, wakaachana. Na ikiwa mume hawezi kumlisha mkewe, madhehebu yetu yampa mke hiyari ya kungojea, na nafaka ikawa deni, au ya kwenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe baada ya muhula wa siku tatu. Na ikiwa mume ameumia kichwa hata akili imemtoka, hana talaka ya kutoa, wala baba yake au ndugu yake hawezi kuitoa kwa niaba yake. Jambo hilo ni la kadhi.

Kwa hivyo mlango uko, na aliyeuweka ni Mwenye sharia mwenyewe. Qurani yaamrisha kwamba mke akishikwa ashikwe kwa wema, na akiachwa aachwe kwa ihsani, na yakataza kumzuia kwa nia ya kumdhuru. Asiyeweza kutoka hawezi kusifiwa kwa kubaki.

3. MKE AKIWA MGONJWA

Hapa twataka wanaume wasome vizuri, kwa kuwa Imam Nawawi katika Minhaj amewaandikia mambo ambayo hayasemwi sana katika khutuba zetu.

Kwanza, mke aliyezoea kujitumikia mwenyewe, akipatwa na maradhi au kilema cha kudumu hata akahitaji kutumikiwa, ni wajibu wa mume kumwekea mtumishi. Ni wajibu hasa, haukuitwa sadaka. Pili, mke mgonjwa hapotezi zamu yake. Mwanamume mwenye wake wawili hawezi kusema kwamba yule wa kwanza hafai kitu, basi usiku wake ni wa yule wa pili. Zamu ni ya kukaa pamoja na kuondoleana upweke, hata kama hakuna lingine. Mtume mwenyewe (S.A.W.) alipozidiwa na maradhi yake ya mwisho, hakujichagulia nyumba ya kuuguliwa mpaka alipowaomba ruhusa wakeze wengine auguzwe nyumbani kwa Bibi Aisha. Tatu, kule kumpeleka mke kwa wazazi wake na kumsahau huko, bila ya talaka na bila ya nafaka, hakujulikani katika sharia kwa jina lolote ila dhulma. Huyo mke hana mume, wala hana ruhusa ya kupata mwingine. Ameachwa akining'inia, na Qurani imekataza jambo hilo kwa neno la wazi katika Suratun Nisaa.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya zamani havikutosha kwa hali yetu. Katika vitabu hivyo, bei ya dawa na ujira wa tabibu havikuwekwa juu ya mume. Wakati ule tiba ilikuwa jambo la kubahatisha, na watu waliweza kuishi maisha yao bila ya kumwona tabibu. Leo dawa ya kisukari kwa mwenye kisukari ni kama chakula. Sheikh Wahba az-Zuhaili wa Shamu, aliyefariki mwaka 2015, amesema kwamba tiba siku hizi ni katika haja za lazima, na imekuwa juu ya mume kama nafaka nyingine. Sisi twaifuata rai hiyo. Mume anayenunua mkate na kukataa kununua dawa amemlisha mkewe kwa mkono mmoja na kumwua kwa mwingine.

4. MUME AKIWA MGONJWA

Sasa natuje kwa upande wa pili, ambao ndio wenye kimya kikubwa zaidi. Katika madhehebu yetu mke halazimishwi na sharia kumtumikia mumewe kazi za nyumbani, seuze kumwosha na kumgeuza usiku na mchana kwa miaka. Akifanya hivyo, ametoa ihsani kutoka katika mali ya nafsi yake. Ihsani hushukuriwa, haidaiwi. Anayesimama mbele ya mwanamke huyo na kumwambia, "Ni wajibu wako," amedai deni ambalo hakulikopesha.

Ni nani basi mwenye wajibu? Wanavyuoni wamejibu. Mtu fakiri aliye na kilema cha kudumu, asiyeweza kuchuma, nafaka yake iko juu ya baba yake na babu yake ikiwa wana uwezo, na juu ya watoto wake wenye uwezo. Baada ya hao iko zaka, kwani huyo ni fakiri kwa kila tafsiri. Hata mke mwenye mali aweza kumpa mumewe zaka yake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwambia Zainab, mke wa Ibn Masud, kwamba atapata thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Na baada ya zaka wako Waislamu wote.

Tazameni sasa tulivyoupindua mpango huu. Baba wa mgonjwa hutoa nasaha. Ndugu hutoa sifa. Msikiti hutoa dua. Na mke, ambaye sharia haikumtwika, ndiye hutoa mgongo. Serikali kwa mpango wake wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa walioandikishwa, na hata hizo wengi hawazipati kwa kuwa hakuna aliyewasaidia kwenda kujiandikisha.

5. MGONJWA MWENYEWE

Tumesema mengi juu ya mzima, na sasa tusije tukafanya kosa la wengi, la kumzungumza mwenye ulemavu kama maiti anayengojea kugawiwa. Huyo bado ni mume, bado ni mke, bado ana ulimi na heshima. Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, naye alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.), na mara kadhaa aliachiwa mji wa Madina wakati Mtume alipotoka safari. Suratu Abasa iliteremka kwa ajili ya uso uliogeuzwa kwake mara moja. Itakuwaje kwetu, tunaomgeuzia uso jirani yetu kila siku?

Mwenye haki ana wajibu pia. Mume aliyelemaa ana haki ya kutunzwa na kuheshimiwa, walakini hana haki ya kukifanya kitanda chake kuwa gereza la mtu mwingine. Akimwona mkewe kijana anadhoofika, naye akajua kwamba amebaki kwa hofu tu, basi kumwambia, "Nimekupa hiyari, uchague bila ya kulaumiwa," ni katika uungwana mkubwa awezao kuufanya mwanamume, na haudaiwi miguu miwili. Huenda mke akasikia maneno hayo akabaki kwa hiyari yake, na siku hiyo ndoa yao ikaanza upya.

6. SHERIA YA NCHI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu wanaokubali hukumu yake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeacha kuvunjwa kwa ndoa ya Kiislamu kufuate sharia ya Kiislamu. Kwa ndoa za kiserikali, sheria hiyo imehesabu wazimu usiotibika, kwa ushahidi wa madaktari wawili, kuwa dalili ya ndoa iliyovunjika. Kupooza na upofu haikuvitaja. Msomaji ataona kwamba sheria ya bunge na vitabu vya fiqhi vimekaribiana hapa. Kifungu cha 54 cha katiba hiyo nacho chataka mwenye ulemavu atendewe na atajwe kwa heshima. Kadhi yupo Kisumu hapa hapa. Hakuna udhuru wa mtu kumaliza mambo haya gizani.

7. RAI YETU

Twasema hivi. Kutoka kuna njia yake, na kutoroka kuna njia yake. Mwenye kutoka hupita mlangoni: husema uso kwa uso, huenda kwa kadhi, hutoa au hurudisha haki, hupanga malezi ya watoto, wala haondoki mpaka amejua ni nani atakayemgeuza mgonjwa usiku ule. Mwenye kutoroka hupita dirishani: husafiri kwenda Nairobi kutafuta kazi, simu ikazimwa, na mgonjwa akayajua mambo kwa majirani. Wa kwanza hatumhukumu, kwani hatukulala katika nyumba yake. Wa pili ni mhaini, awe mume au mke.

Atasema mtu: "Mkiufungua mlango huu, wote watatoka." Twamjibu kwamba mlango haukufunguliwa na sisi, na wengi wanaujua na hawatoki. Mke wa Nabii Ayub, kama walivyosimulia wafasiri, alibaki naye miaka ya maradhi yake wakati watu wengine walipomkimbia. Hakubaki kwa kuogopa wakwe. Na mgonjwa aujua mkono unaomwosha, kama ni mkono wa mapenzi au wa woga. Hilo halifichiki kwenye ngozi.

Atasema mwingine: "Mgonjwa akiachwa atavunjika moyo." Hii ni kweli, nasi hatuna jibu la kuliondoa uchungu wake. Sharia yaweza kuondoa dhambi ya kuachana, haiwezi kuondoa huzuni. Ndiyo sababu tukaamrishwa tusisahau fadhila baina yetu hata wakati wa kuachana. Aliyekula chumvi ya mtu miaka kumi hawezi kutoka kama mpangaji aliyemaliza kodi. Atakwenda kumjulia hali, atawaacha watoto waende kwa baba yao au mama yao, na atautunza ulimi wake.

Walakini neno letu kubwa si kwa wanandoa. Ni kwetu sisi wengine. Mgonjwa abebwapo kwa machela hushikwa na watu wanne, na aliyeshika pembe moja ana haki ya kumwambia mwenziwe, "Usiachie." Anayetembea kando mikono mitupu hana haki hiyo. Basi kila msikiti, kuanzia hapa mjini hadi Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, uwe na daftari la nyumba zenye wagonjwa wa kudumu. Vijana wapangiwe usiku mmoja kwa juma wa kumkesha mgonjwa, ili aliye naye apate kulala. Wanawake wapokezane nusu siku, ili mwenzao aende sokoni bila ya kukimbia. Mafundi watoe kizingiti na kumimina saruji, kiti kipite. Zaka ianzie kwa hao kabla ya kwenda mbali. Na baba na ndugu za mgonjwa waulizwe, kwa adabu lakini kwa wazi, wametoa nini mwezi huu.

Tukifanya hayo, wengi wanaotaka kutoka leo hawatataka tena, kwani wengi wao hawakuchoka na mume wala mke. Wamechoka kubeba peke yao. Na atakayetoka baada ya hapo tutajua kwamba ametoka kwa sababu yake mwenyewe, wala hatukumsukuma sisi. Mpaka tutakapofanya hayo, ni bora tunyamaze juu ya uaminifu wa watu.

Wallahu aalam, na kwake Yeye ndiyo taufiki.